Mti wa Ukoo Mtandaoni, na Majina Tunayoyaruka

Mada iliyotolewa kwa niaba ya kamati ya fedha kwenye mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya wana-Ukerewe, Mwanza



Miaka yote tumesimama hapa kuwasomea mapato na matumizi. Mwaka huu hesabu mnazo mkononi, zimekaguliwa, na mwenye swali atuone wakati wa chakula. Mwenyekiti ametupa dakika ishirini tuzungumzie daftari la aina nyingine. Ni mti wa ukoo, yaani maandishi ya nani alimzaa nani, ukiwekwa kwenye intaneti ili ndugu waliotawanyika wausome na kuujaza. Koo kadhaa za hapa zimeanza. Wa kwetu nao umeanza, huu ni mwaka wa tatu, na mengi tutakayoyasema yametoka kwenye kazi hiyo.

Sisi watu wa visiwani tumetawanyika kuliko tunavyokiri. Mtu wa Ukerewe ana shangazi Ukara, mjomba Majita, baba mdogo Kome, na binamu Muleba ambaye hajawahi kumwona. Kila mmoja wetu ana wazazi 2, babu na bibi 4, na waliowazaa hao ni 8. Ukirudi nyuma vizazi vitano wanafika 32, na vizazi kumi ni 1,024. Hakuna kichwa kinachobeba hesabu hiyo peke yake. Ndiyo maana ilibebwa na wengi, kila mzee na kipande chake, na kila tunapomzika mzee mmoja kipande kinakwenda naye.

Kwetu si jambo geni kuyaweka mambo ya nyumbani kwenye karatasi. Mzee Aniceti Kitereza, mwana wa Ukerewe, alimaliza mwaka 1945 kitabu chake kirefu cha Kikerewe kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali. Maandishi yale yalikaa miaka 35. Yalichapishwa kwa Kiswahili, tafsiri yake mwenyewe, mwaka 1980, na mwaka uliofuata mzee akafariki. Waliokisoma wanakumbuka kinavyoanza na uchungu wa nyumba isiyo na mtoto. Bugonoka anasemwa na ndugu wa mume kwa kukosa mtoto, hadi wazazi wake wanakuja kumchukua binti yao. Tunakitaja kwa sababu jambo tunalotaka kuwaambia leo limo humohumo, kwenye watoto wasiokuwepo.

Tulipoanza mti wetu, tulianza kama wengi wanavyoanza. Tuliwakalisha wazee wa kiume, wakataja baba wa baba wa baba, vizazi saba, bila hata kupumua. Vijana wakaandika kwenye simu. Jioni tukautazama ule mti na tukaona kitu ambacho mhasibu yeyote angekiona: vitabu havikulingana. Kulikuwa na debiti bila krediti. Wanaume wale wote walizaliwa na wanawake ambao hawakuandikwa popote, na mabinti wa ukoo walioolewa ng'ambo walikuwa wametoweka siku ya harusi. Kila ndoa ina pande mbili, na ukiandika upande mmoja una nusu ya hesabu.

Basi tukaenda kwa shangazi, mkubwa wa waliobaki, ambaye miguu haimruhusu tena kutoka lakini kumbukumbu zake ni kali. Tukamwomba ataje watoto wa kila nyumba. Akatuuliza swali ambalo hakuna mwanaume aliyekuwa ametuuliza: "Mnawataka walio hai, au mnawataka wote?"

Tukamwambia wote.

Akaanza kuhesabu kwa vidole, nyumba moja baada ya nyingine, na orodha ikawa karibu mara mbili ya ile tuliyokuwa nayo. Huyu alikufa hajaota meno. Huyu alikuwa ameanza kutembea. Wale wawili walikwenda mwaka mmoja. Katika nyumba karibu arobaini alizozitaja, tatu zilimfanya anyamaze kidogo kabla ya kuendelea. Moja iko Ukara, moja Majita, na moja hapa Mwanza mjini. Katika nyumba hizo watoto walikufa wakiwa na umri wa mwaka mmoja, miwili, mitatu, na alisimulia karibu maneno yaleyale kila mara: vidole na miguu kuvimba, kulia usiku kwa maumivu ya mifupa, macho kuwa ya njano, kuishiwa damu. Nyumba hizo hazikuwahi kukaa pamoja na kusikilizana. Kila moja ililia peke yake na kutafuta sababu peke yake.

Ile nyumba ya hapa mjini tayari ilikuwa na jibu. Mjukuu wao mmoja alikuwa amepimwa Bugando na kukutwa na selimundu, ugonjwa ambao wengi tunauita sikoseli. Mama yake alipoona nyumba zile tatu zimepangwa kwenye mti mmoja, na watoto waliofariki wameandikwa, alitupigia simu usiku.

Tuseme kidogo kuhusu ugonjwa huu, maana ni wetu. Mtu hauambukizwi, anaurithi. Anayepata kinasaba chake kutoka kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haumwi na anaweza kuzeeka bila kujua kwamba anacho. Kinasaba hicho kimedumu kwenye nchi za malaria kama huku ziwani kwa sababu anayekibeba kimoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Shida inakuja wawili wanaokibeba wanapooana. Kila mimba yao ina uwezekano wa moja kati ya nne kuleta mtoto mgonjwa. Inakadiriwa kwamba nchini mwetu watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa zaidi duniani. Utafiti uliopima watoto wachanga wa kanda hii yetu ya kaskazini magharibi, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya watano anabeba kinasaba hicho. Mmoja kati ya watano! Hesabuni meza mliyokalia.

Mtoto akijulikana mapema anasaidiwa. Ziko dawa za kumkinga na maambukizi, uko uangalizi wa kliniki, na iko haidroksiurea inayopunguza maumivu. Mtoto asiyejulikana hupelekwa kwingine.

Sasa tahadhari. Mti wa ukoo hautoi majibu ya maabara. Watoto wa zamani waliuawa na malaria, surua, kuhara na njaa, na si haki kumchukua kila mtoto aliyefariki tukamwandikia selimundu. Mti unachofanya ni kumwambia mama mwenye ujauzito kwamba katika ukoo wake kuna nyumba tatu zenye historia inayofanana, kwa hiyo yeye na mumewe waende wakapime. Hadi leo ndugu kadhaa wa ukoo wetu wamekwenda. Majibu ni yao. Hatukuyaandika kwenye mti na hatutayaandika.

Kuna jambo la pili katika orodha ya shangazi, na hili ni zito zaidi kulisema mbele ya watu. Katika nyumba ile ya Majita, watoto walipokufa watatu mfululizo, alisingiziwa mke mkubwa kwamba ndiye anayewala. Wazee mliopo mnajua kanda yetu imefanya nini kwa wanawake waliosingiziwa hivyo, hasa wanapozeeka na macho yao kuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Huyu hakuuawa. Alivuka ziwa na wanawe kuelekea Sengerema, na tangu siku ile jina lake halikutajwa ukoo ulipohesabiwa. Wanawe nao hawakutajwa. Shangazi alilitaja kwa sauti ya chini, kisha akasema, "Mwandikeni."

Kikao cha ukoo kilibishana kutwa nzima. Wapo waliosema tunafukua makaburi. Wapo waliosema aliyeondoka ameondoka. Mwisho tukamwandika mahali pake, mke wa kwanza, pamoja na wanawe wanne, bila neno lolote la yaliyotokea. Miezi michache baadaye kijana mmoja huko Sengerema, akitafuta jina la bibi yake mtandaoni, akalikuta. Alituandikia ujumbe mfupi kuuliza sisi ni nani. Tumezungumza naye kwa simu mara moja. Hajaja, na wazee wake hawajasema kama watakuja. Tunangoja.

Hayo ndiyo yaliyotufanya tuombe nafasi hii. Mti wenye majina ya wanaume walioishi ni mzuri kupamba ukuta. Wenye mama zao, mabinti walioolewa ng'ambo, watoto waliofariki na watu waliofutwa, huo una kazi ya kufanya. Tena si ya afya tu. Anayefungua mirathi Mahakama ya Mwanzo hudaiwa muhtasari wa kikao cha ukoo, na wengi wetu tumeona vikao vilivyovunjika kwa sababu watu hawakukubaliana nani ni mtoto wa marehemu. Na tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka ikikaribia Bwisya na kuondoka na watu zaidi ya 220, tuliona ndugu wakizunguka kutafuta nani alikuwa wa nani. Hilo hatuna haja ya kulisimulia, wengi humu wana mtu wao pale.

Kwa wanaotaka kuanza, tuwape machache tuliyojifunza kwa vitendo.

Msiulize mzee "mwaka gani". Fanyeni kama makarani wa sensa, mwe na kalenda ya matukio. Alizaliwa kabla au baada ya vita ya Hitler? Kabla au baada ya uhuru? Mwaka ziwa lilipopanda likameza mashamba, ambao ni mara tu baada ya uhuru, alikuwa anatambaa au anachunga mbuzi? Operesheni Vijiji ilimkuta ameolewa? Vita ya Kagera? Kuzama kwa MV Bukoba, Mei 1996? Kwa njia hiyo mzee aliyesema hajui mwaka wake atawapa miaka miwili au mitatu ya kuchagua, na hiyo inatosha.

Msiulize tu "baba yako nani". Kwetu baba mdogo ni baba na mama mkubwa ni mama. Kijana mmoja wetu alirudi na mzee mwenye baba watatu, na mzee hakudanganya. Ulizeni nani alimzaa, kisha nani alimlea, na andikeni wote wawili. Wake wakiwa zaidi ya mmoja, andikeni nyumba kwa nyumba na kila mtoto chini ya mama yake. Programu nyingi zinakubali wake wengi bila tatizo. Zinachokosa ni nafasi ya mjane aliyerithiwa, au ya nyumba ntobhu ya jirani zetu wa Mara, ambako mwanamke humuoa mwanamke ili apate watoto wa jina lake. Hapo tumieni sehemu ya maelezo, msilazimishe.

Kila ingizo liwe na vocha yake. Nani alisema, lini, mbele ya nani. Vitabu vya ubatizo vya parokia zetu, Kagunguli ikiwa kongwe, vina jina la mtoto, wazazi, msimamizi na tarehe, ila aliyeandika alisikia kwa sikio la kigeni, na kati ya L na R hakuna aliye salama. Lukumbuzya na Rukumbuzya ni jina lilelile. Wekeni tahajia zote mbili. Vyeti vya shule, kadi za TANU, vitabu vya wakulima wa pamba wa vyama vya ushirika na misalaba ya makaburini, vyote ni vocha. Habari mbili zikigongana, msichague inayopendeza. Ziacheni zote hadi ya tatu ipatikane.

Sasa mtandaoni. Ziko huduma nyingi. FamilySearch ni ya bure, na huko dunia nzima inajenga mti mmoja. Ukimweka babu aliyefariki, mtu yeyote anaweza kumbadilisha, ila walio hai hufichwa. Ni mali ya Kanisa la Mormoni, ambalo lina desturi ya kuwabatiza marehemu kwa niaba, na wazee wetu wa parokia wana haki ya kulijua hilo kabla hamjaweka jina la mtu. MyHeritage na Geni zinakupa kualika ndugu kwa urahisi, lakini mti ukikua utaanza kuona bei. Sisi tumechagua Gramps, programu ya bure inayokaa kwenye kompyuta yako hata bila intaneti, na kitabu kikuu kiko humo. Kinahifadhiwa pia kwa muundo wa GEDCOM, ambao programu karibu zote za ukoo zinausoma, ili kampuni yoyote ikifungwa kesho majina yetu yasifungwe nayo. Mhasibu halali usingizi kitabu kikuu kikiwa nyumba ya mtu mwingine.

Kutoka kitabu hicho tunatoa nakala mbili. Ya kwanza ni ya ndugu walioalikwa tu. Ya pili ni ya wazi kwa dunia, na walio hai wote wameondolewa, kazi ambayo programu inaifanya yenyewe ukiiamuru. Si woga. Ziko huduma zinazomtambua mtu kwa jina la mama yake na tarehe yake ya kuzaliwa, na wale wa "tuma kwenye namba hii" wangefurahi sana kupata orodha kamili ya shangazi zako na watoto wao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Kwa hiyo ugonjwa wa mtu aliye hai hauingii kwenye mti wowote, wa ndani wala wa nje, hata kama ukoo mzima unaujua. Na kama ilivyo kwa hundi za chama, mabadiliko yana watia saini wawili. Kila tawi lina mwandishi mmoja, na hakifutwi kitu mpaka mwandishi wa tawi jingine akubali. Mke mkubwa wa Majita alifutwa kwa maneno tu, bila saini ya mtu.

Ombi letu kwenye harambee ya leo ni dogo likilinganishwa na maabara ya zahanati, ambayo ndiyo shughuli kuu, na tunaomba hizo mbili zisishindane. Tena zinahitajiana. Tunaomba kila kaya ichangie shilingi 10,000 juu ya ahadi yake, ziwe fungu la nauli za boti, vifurushi vya simu na uchapishaji, ili vijana wawili wawili wawafikie wazee wa Ukara, Irugwa na visiwa vidogo kabla ya mkutano ujao. Wazee wasiosoma kwenye simu watapewa kitabu kilichochapwa kwa herufi kubwa. Fungu hili litakuwa na akaunti yake na litakaguliwa kama mengine.

Fomu mtaikuta katikati ya kijitabu hiki, na inaweza kung'olewa bila kuchana kurasa za hesabu. Safu ya kwanza ni ya baba, ya pili ni ya mama na kwao alikotoka, ya tatu ni ya watoto wote aliowazaa. Waliofariki wadogo waandikwe kwa mpangilio walivyozaliwa, katikati ya wenzao. Kama jina halikumbukwi au hakuwahi kupewa, andikeni mtoto wa kike au mtoto wa kiume, na tukio la mwaka ule. Fomu zirudi kwa katibu kabla ya mwisho wa Novemba. Waandishi wa matawi watakuwa Nansio wiki nzima kati ya Krismasi na mwaka mpya, na kwa mzee asiyeweza kutoka, tutamfuata nyumbani.